Kanda la Usufi

Wazee wetu walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Aliyeutunga msemo huo alijua usufi ni nini. Kanda lililojaa usufi kwa macho ni kubwa kama kanda la mtama, lakini mtoto hulinyanyua kwa mkono mmoja. Basi tumwonapo mwenzetu amejitwika, ukubwa wa mzigo tunauona, bali uzito, kwa kuwa mabega si yetu, twaukadiria tupendavyo. Msemo huu aghalabu hutumiwa kumsuta mtu asiyejali shida za watu. Mimi nataka kuutumia kwa swali jingine, ambalo naliona gumu zaidi: je, kumsifu mbebaji kwa ustahimilivu wake ni kumheshimu, au ni namna nyingine, yenye adabu zaidi, ya kumwambia kwamba kanda lake ni la usufi?

Swali hili limenikaa tangu nilipoombwa, miaka michache iliyopita, kuitia katika Kiswahili karatasi iliyoandikwa na chuo kimoja cha Marekani kwa ajili ya wazazi. Wazazi wenyewe ni watu wa pwani na wa bara. Wengine walihamia huko na watoto wachanga mgongoni, wengine wangali Unguja, Mombasa na Bujumbura. Karatasi ilihusu afya ya akili ya wale wanaoitwa huko "wanafunzi wa rangi". Ilikuwa kurasa nne tu. Nilidhani ni kazi ya siku mbili. Ikanichukua wiki tatu.

Neno la kwanza lililonigomea ni hilo hilo rangi. Kwa Kiswahili kila mtu ana rangi. Yupo mweusi, yupo maji ya kunde, yupo tunayemwita mweupe ilhali Mzungu hatamwita hivyo kamwe; na Mzungu naye akikaa juani siku mbili twamwona mwekundu. Kusema "mtu wa rangi", kana kwamba wako watu wasio nayo, ni kukubali kimyakimya kwamba yuko mmoja aliye kipimo, na waliobakia wameongezewa kitu juu yake. Najua kwamba wenyewe wamelichagua jina hilo ili kushikana mikono: weusi, Walatino, wenye asili ya Asia, na wenyeji wa asili wa nchi ile. Jina la kushikana mikono si la kudharauliwa. Walakini linaficha mengi. Kijana wa mataifa ya wenyeji wa asili, ambaye mababu zake walichukuliwa utotoni na kupelekwa shule za bweni kama ile ya Carlisle, Pennsylvania, iliyofunguliwa mwaka 1879, wakanyolewa nywele na kukatazwa lugha zao, haingii darasani kwa mlango ule ule anaoingilia mtoto wa daktari aliyehama kutoka Madras. Humu nitawazungumzia zaidi wanafunzi weusi, kwa kuwa habari zao ndizo nilizozisoma kwa muda mrefu, na kwa kuwa vijana wetu wafikapo kule huhesabiwa miongoni mwao, watake wasitake.

Kuhesabiwa huko hakuchukui muda. Wangari Maathai alipokwenda Kansas kusoma mwaka 1960, katika lile wimbi la wanafunzi lililoanzishwa kwa juhudi za Tom Mboya mwaka mmoja kabla, alikuwa Mkikuyu, Mkatoliki, mwanafunzi hodari wa watawa. Amesimulia katika kitabu cha maisha yake kwamba njiani, katika jimbo la Indiana, waliingia mkahawani kutaka kinywaji baridi, wakaambiwa hawawezi kukaa ndani. Mtu huondoka kwao akiwa na ukoo, kabila, mtaa na jina la babu. Hufika ng'ambo akavuliwa vyote na kuvikwa nguo moja tu, ambayo hakuikata wala hakuishona.

Nguo hiyo iliwahi kuelezwa vizuri zaidi na W. E. B. Du Bois, katika The Souls of Black Folk, kitabu chake cha mwaka 1903. Hoja yake, kwa maneno yangu, ni kwamba Mmarekani mweusi hujiona kwa macho mawili kwa wakati mmoja: jicho lake mwenyewe, na jicho la anayemdharau. Si suala la kuwa na sura mbili, kama mnafiki. Ni kutopata hata dakika moja ya kuwa na moja tu. Du Bois hakuyaandika hayo kwa kukisia. Alisoma kwanza Fisk, chuo cha watu weusi mjini Nashville, kisha mwaka 1888 akaingia Harvard. Huko Harvard alipanga chumba kwa mwanamke mweusi nje ya chuo. Aliomba kuingia katika kikundi cha waimbaji, na ingawa sauti alikuwa nayo, akakataliwa. Mwaka 1895 akawa mtu mweusi wa kwanza kupata shahada ya udaktari wa falsafa chuoni pale. Wasifu wake hutajwa ili kuonesha kwamba yawezekana. Naam, iliwezekana. Lakini msomaji akiusoma kwa utulivu ataona jinsi alivyojijengea ukuta: aliamua kutotaka kutoka kwa wenzake kile walichokuwa tayari kumnyima. Huo ni ushindi, na ni upweke pia.

Neno la pili lililonigomea lilinipa shida zaidi. Mwaka 1970 Chester Pierce, tabibu wa maradhi ya akili katika Harvard, alibuni jina kwa yale makwaruzo madogo madogo ambayo mtu mweusi hukutana nayo kila siku: kuulizwa kwa mshangao amejifunza wapi kuzungumza vizuri hivyo, kuombwa kitambulisho mlangoni pa maktaba anapoingia na wenzake watano wasioombwa, kudhaniwa mfagizi. Pierce mwenyewe aliyajua makubwa na madogo. Mwaka 1947, akiwa mwanafunzi, alicheza mpira wa Kimarekani katika timu ya Harvard huko Virginia, katika siku ambazo timu za wazungu wa kusini hazikuwa zikikubali kucheza na mtu mweusi. Nilitaka kuyaita makwaruzo hayo vijembe. Sisi watu wa visiwani ni mabingwa wa vijembe; tumevitungia mashairi, tumeviandika kwenye kanga, tumeviimba katika taarabu. Nikaona haifai. Kijembe kina mtupaji anayejijua na mlengwa anayejijua, na adabu ya mchezo ni kwamba mlengwa aweza kujibu. Hivi vya Pierce mara nyingi mtupaji hajui kama ametupa. Ukimjibu, hushangaa, ukinyamaza, unabaki usiku kucha unajiuliza kama ni wewe uliyesikia vibaya. Ndipo ilipo taabu yenyewe. Jeraha la kijembe huuma, lakini halimtii mtu shaka juu ya akili zake.

Shaka hiyo yaweza hata kupimwa. Mwaka 1995 Claude Steele na Joshua Aronson walichapisha majaribio waliyoyafanya na wanafunzi wa Stanford, weusi na weupe. Waliwapa maswali magumu ya lugha. Walioambiwa kwamba mtihani unapima uwezo wao wa akili, weusi walifanya vibaya kuliko weupe wenye maandalizi sawa na yao. Walioambiwa kwamba ni zoezi tu la kutatua mafumbo, tofauti ilipungua sana. Wataalamu wa baadaye wamebishana juu ya ukubwa wa jambo hili, na hata juu ya lini hutokea na lini halitokei. Ubishi wao ni wa haki. Lakini nadhani kila aliyewahi kusimama mbele ya watu wanaomngojea akosee anaelewa lilivyo. Mtihani wa mwenzake ni mtihani. Wake yeye ni mtihani pamoja na kesi.

Sasa nifike kwenye subira.

Iko ngano ya Wamarekani weusi juu ya John Henry, mpiga nyundo wa njia ya reli, aliyeshindana na mashine ya mvuke katika kutoboa mwamba. Akaishinda mashine, kisha akaanguka na kufa. Mwaka 1978 mtafiti mweusi aitwaye Sherman James, huko North Carolina, alikutana na mkulima mzee aliyekuwa na jina hilo hilo, John Henry Martin. Mzee huyu alizaliwa katika ufukara wa wale wanaolima shamba la mtu kwa nusu ya mavuno, akajifundisha mwenyewe kusoma na kuandika, akafanya kazi usiku na mchana, na kabla ya uzee akamiliki ekari 75 za ardhi nzuri. Ilipofika miaka ya hamsini ya umri wake alikuwa na shinikizo la damu, baridi yabisi, na vidonda vya tumbo vibaya hata sehemu kubwa ya tumbo lake ilikatwa. James aliyatazama mambo mawili haya, shamba na tumbo, akauliza kama hayakuwa jambo moja. Kuanzia mwaka 1983 akachapisha maandishi juu ya mwenendo alioupa jina la John Henry: kukabili kila kizuizi kwa kukaza zaidi, pasipo mali wala msaada wa kumpunguzia mtu mzigo, hadi mwili unalipa.

Wengine wakafuata nyayo. Gene Brody na wenzake walifuatilia vijana weusi wa mashambani Georgia tangu utotoni. Katika makala ya mwaka 2013 wakaonesha kwamba wale waliotoka katika umaskini lakini walisifiwa na walimu wao kwa bidii na kujitawala, walipofika miaka 19 walikuwa na huzuni chache na mwenendo mzuri, kama ilivyotarajiwa. Ila miili yao ilikuwa imechakaa, kwa shinikizo la damu na kwa homoni za wahaka. Makala nyingine ya mwaka 2015 ikasema chembechembe za miili ya vijana kama hao zilikuwa zinazeeka upesi kuliko umri wao. Watoto hawa ndio wale ambao picha zao huwekwa katika vitabu vya mwaka vya vyuo. Ukiwauliza hali, watakwambia salama, na hawasemi uongo.

Mshairi wa pwani akiyasoma haya hana budi kutaharuki, kwa sababu sisi tumelelewa juu ya subira. Subira yavuta heri. Tumeiandika, tumeiimba, tumewaandikia mabinti zetu nyaraka za kuwausia. Sidhani wazee walikosea. Yuko mtu ambaye bahari imemchukulia mwana. Hakuna wa kumlipa, hakuna wa kumshitaki. Subira kwake ndiyo njia pekee ya kubaki mtu. Nimeiona subira ya namna hiyo, na sijaona jambo adhimu kuliko hilo.

Lakini subira ina mwenyewe. Ni sifa njema ya aliyepatwa, na ni yeye peke yake awezaye kuitamka. Siku inapotamkwa na aliyeuweka mzigo inageuka kitu kingine. Kisiwa hiki kinajua. Soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, na utumwa haukufutwa kisheria hadi 1897. Katika miaka ile iliyopita katikati, na mamia kabla yake, haikosi mabwana wengi waliwahimiza watumwa wao wawe wavumilivu, na yamkini baadhi yao walisema kwa huruma ya kweli. Uvumilivu wa mtumwa ulikuwa wema wake yeye. Ulipodaiwa na bwana ulikuwa sehemu ya kazi, kama kuchuma karafuu.

Ndiyo maana nina mashaka na mafunzo ya ukakamavu ambayo vyuo vya Marekani vimeyapenda sana katika miaka hii. Mwaka 2015 Ebony McGee na David Stovall waliandika kwamba kumhimiza mwanafunzi mweusi aongeze ukakamavu pasipo kuuliza kinachomchosha ni kumwongezea maradhi. Baharia ataelewa kwa haraka. Jahazi likivuja, ni lazima pawe na mtu wa kufua ngama, tena afue upesi. Hapana mwenye akili atakayesema aache. Lakini nahodha anayewafundisha mabaharia mbinu mpya za kufua maji kila safari, na kumpa zawadi afuaye vizuri zaidi, na jahazi halipandishi pwani likakalafatiwa, huyo tutamwuliza swali moja tu: jahazi ni la nani?

Kuna hoja ya upande wa pili ambayo siwezi kuipita. Wako wasemao, na miongoni mwao wamo wazee weusi walioyapitia makubwa, kwamba mazungumzo haya yote yanawafanya vijana wawe dhaifu. Kwamba kila huzuni imekuwa ugonjwa na kila neno limekuwa jeraha. Nakiri hoja hii ina uzito kwa upande mmoja. Lugha yetu ina huzuni, majonzi, simanzi, jitimai, kihoro, jakamoyo, wahaka, fadhaa, dukuduku. Kila neno na mahali pake, na karibu yote ni ya moyo, si ya hospitali. Wataalamu wametupa neno sonona kwa ule unyong'onyevu uliokuwa ugonjwa, na ni neno zuri, lakini tusilimwage juu ya yale mengine yote. Kijana aliyefiwa na bibi yake na hawezi kurudi kuzika ana jitimai. Hata hivyo hoja hiyo haijibu swali la nani anaumwa na hatibiwi. Utafiti mkubwa uliotolewa mwaka 2022, uliowahusu wanafunzi zaidi ya 350,000 katika vyuo 373 vya Marekani kati ya 2013 na 2021, ulikuta kwamba katika mwaka wa mwisho zaidi ya asilimia 60 walikuwa na dalili za angalau tatizo moja la afya ya akili. Hapo hapana rangi, ni wote. Rangi inaingia penye dawa: katika mwaka wao bora kabisa wa kupata matibabu, weusi, Walatino na wenye asili ya Asia hawakukipita kiwango cha weupe katika mwaka wao mbaya kabisa. Wenyeji wa asili ndio ambao hali zao zilizidi kuharibika kuliko wote. Kama udhaifu ndio ungekuwa maradhi ya vijana hawa, wangejaa milangoni pa washauri. Hawapo.

Kwa nini hawapo? Fedha ni sababu, na bima, na uchache wa washauri wanaofanana nao. Iko pia kumbukumbu: serikali ya nchi ile iliwaacha wanaume weusi wa Tuskegee na kaswende bila kuwatibu, toka 1932 hadi 1972, ili itazame ugonjwa unavyokwenda. Watoto wa nchi yenye kumbukumbu hiyo hawawezi kulaumiwa wakimtazama mganga mara mbili. Na iko sababu iliyo nyumbani, ambayo ndiyo iliyonifanya niandike haya katika jarida linalosomwa na watu wa kwetu. Sisi nasi, jina la Kidongo Chekundu likitajwa barazani, hutajwa kwa mzaha. Mtoto aliye Minnesota akipiga simu usiku na kusema hapati usingizi, twamwambia vumilia mwanangu, ulikwenda kusoma, kumbuka sisi huku. Twasema kwa mapenzi. Yeye husikia kwamba ukoo mzima umekaa juu ya kanda lake, naye hukata simu akisema, haya mama, nimekuelewa.

Tafsiri yangu ilipofika ukurasa wa nne nilikuta sentensi ambayo kwa Kiingereza ni fupi sana, ya kumhakikishia mwanafunzi kwamba yeye ni mmoja wa watu wa chuo kile. Kiswahili hakina kitenzi kimoja cha jambo hilo. Nilijaribu "wewe ni wa hapa", ikasikika kama hukumu ya mahakama. Nikaandika "hapa ni kwako", ambayo ndiyo tumwambiayo mgeni huku tukimsogezea mkeka. Nikakumbuka majaribio mawili. Mwaka 2011 Gregory Walton na Geoffrey Cohen walitoa habari za zoezi la saa moja: wanafunzi wa mwaka wa kwanza walisoma maelezo ya wakubwa wao, kwamba kila mtu mwanzoni hujiona mgeni na baadaye hali hiyo hupita, kisha wakaandika juu ya hali yao wenyewe. Katika miaka mitatu iliyofuata, tofauti ya alama kati ya weusi na weupe ilipungua kwa nusu, na weusi walisema afya zao ni njema zaidi. Neno lilitosha, ikaonekana. Mwaka 2023 zoezi hilo likarudiwa kwa wanafunzi 26,911 katika vyuo 22. Lilisaidia, ila pale tu ambapo watu wa namna ya mwanafunzi yule walikuwa na nafasi ya kweli ya kuwa wenyeji wa chuo. Palipokosekana nafasi hiyo, maneno yale yale, kwa karatasi ile ile, hayakufanya kitu.

Mwaka huo huo wa 2023, mwezi wa Juni, Mahakama Kuu ya Marekani ilikataza vyuo kuitazama rangi ya mwombaji wakati wa kuchagua wanafunzi. Wengine wamefurahi kwa hoja ya usawa, na hoja hiyo wana haki ya kuitetea. Walioingia mwaka 2024 ndio wa kwanza waliochaguliwa chini ya hukumu hiyo. Katika chuo cha MIT, ambako miaka iliyotangulia weusi walikuwa wastani wa asilimia 13 ya waingiao, walikuwa asilimia 5. Katika chuo cha Amherst walishuka kutoka asilimia 11 hadi 3. Darasa la watu mia, basi, lina watatu. Hao watatu watakuwa hodari, kwa kuwa waliochujwa hivyo huwa hodari. Wataulizwa wazungumze kwa niaba ya wote wasiokuwapo, watapigwa picha, watapewa karatasi ya kurasa nne, na jioni, simu ikilia kutoka kwao, watasema ni wazima.